Nukta ya Ukurasa wa Themanini na Nane

Watu wa chuo walimwita Mgongo, naye aliitika bila kununa. Jina lilitokana na maneno aliyomwambia kila mwanafunzi aliyeingia kwake amekumbatia bunda la karatasi: "Kitabu ni mgongo, mwanangu. Hayo mengine ni maneno tu."

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya kumbi za mihadhara, chumba cha mlango mmoja na dirisha moja. Meza ya kazi ilichukua nusu, mkewe na mashine yake ya fotokopi wakachukua nusu nyingine, na Mgongo mwenyewe akaishi kwenye kile kilichobaki, ubavuubavu, kama karatasi iliyonasa.

Kwa miaka thelathini alikuwa akishona tasnifu za watu. Kila daktari wa chuo kile, nasema daktari wa vitabu, si wa sindano, alipitia mikononi mwake akiwa bado ni bunda lisilo na jalada, anatetemeka. Ndiyo maana Mgongo hakuwaogopa hata kidogo. Alikuwa na maoni yake juu yao, na aliyatoa bila kuombwa. Watu wa sheria, alisema, huandika kana kwamba kitabu kitapandishwa kwenye mizani. Watu wa hisabati wana haya: kurasa sitini, kwaheri. Watu wa falsafa huleta kazi siku moja baada ya siku ya mwisho, halafu wanakuuliza siku ni nini.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni usafi. Alipokuwa akipanga kurasa kabla ya kuzishona, alishika kiwembe mkononi. Akiona doa la wino, unywele ulionaswa kwenye kioo cha mashine, au nukta isiyo na kazi, alikilaza kiwembe, akazuia pumzi, akakwangua mara mbili, kisha akapasugua kwa mgongo wa ukucha mpaka pakawa kama hapakuwahi kuwa na kitu. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemshukuru kwa sababu hakuna aliyejua.

"Wewe siku ukifa," mkewe alimwambia, "utaamka ufute vumbi kwenye jeneza, ndipo ulale tena."

"Kama ni chafu, nifanyeje?"

Sasa, Mgongo alikuwa na dada, na dada alikuwa na binti. Binti huyo alikulia nusu kwao na nusu chini ya ile meza, akifanya hesabu za shule upande wa nyuma wa mabaki ya karatasi. Alipokua akaingia chuo hichohicho, akachagua fizikia, na ndani ya fizikia akachagua mbingu. Ukoo mzima ulipigwa na butwaa. Walitaka muuguzi. Walipomuuliza Mgongo mpwa wake anasomea nini, alijibu: "Anatafuta vitu vilivyopotea huko juu." Wakadhani ni mambo ya ndege.

Siku moja mchana, mpwa alikaa juu ya pipa la gundi akaamua kuwaeleza Mgongo na mkewe, mara moja, yaishe.

"Mjomba, nyota zimekaa makundi makundi. Kundi moja ni galaksi. Zile za pembezoni zinazunguka mbio mno. Ukijumlisha uzito wa kila kinachoonekana humo, hautoshi kuzizuia. Zilitakiwa zichomoke, zipotee."

"Na hazichomoki?"

"Hazichomoki. Kuna kitu kinazishika, kina uzito, na hakionekani. Tunakiita maada giza. Ni kingi kuliko vyote tunavyoviona, kama mara tano hivi."

Anti, yaani mkewe Mgongo, akasimamisha mashine. "Ngoja kwanza. Maprofesa wamepoteza sehemu kubwa ya ulimwengu, na bado wanaitwa maprofesa? Mimi nikipoteza kifuniko cha sufuria, nyumba hii haikaliki."

"Hawajapoteza, Anti. Hawajapata."

"Hiyo ndiyo lugha ya mtu aliyepoteza."

Mgongo alikuwa akikoroga gundi jikoni mwake, yaani kwenye jiko dogo la umeme lililo sakafuni. "Na wewe unasema ni nini?"

"Wengine wanasema ni chembe ndogo mno ambazo hakuna aliyewahi kuzishika. Mimi nachunguza wanaosema ni mashimo meusi. Lakini siyo yale yanayobaki nyota kubwa ikifa. Haya ni ya zamani kuliko nyota yoyote. Ulimwengu ulipokuwa haujatimiza hata sekunde moja, ulikuwa mzito, unachemka, kama hiyo gundi yako. Kuna mabonge humo, siyo?"

"Hamna bonge kwenye gundi yangu."

"Haya, gundi ya fundi mwingine, asiye hodari. Mahali palipokuwa na bonge zito kupita kiasi, lile bonge lilijiminya lenyewe likawa shimo. Mpaka leo linaelea. Dunia yetu yote ikiminywa hivyo inakuwa gololi."

Anti akatazama sakafu kwa mashaka, kana kwamba gololi ile inaweza kuwa imebingirika chini ya kabati. "Na gololi nyeusi kwenye giza utaionaje?"

"Siioni. Natazama nyota. Shimo likipita mbele ya nyota, uzito wake unapinda mwanga, nyota inang'aa zaidi kwa muda mfupi, kisha inarudi kama kawaida. Linafanya kazi kama kile kioo cha kukuzia anachotumia Mjomba kutunga uzi kwenye sindano. Nimetazama nyota milioni kadhaa nikisubiri zipepese."

"Miaka minne?" Anti aliuliza.

"Miaka minne."

"Mwanangu, olewa."

Walicheka mpaka kwenye ngazi juu yao mtu akasimama kusikiliza.

Kazi ilipokamilika, tasnifu ilikuwa na kurasa mia moja na arobaini. Mpwa alileta nakala mama, Anti akaizalisha mara tano: tatu za watahini, moja ya maktaba, moja ya mpwa mwenyewe. Mgongo alizishona kama anayeshona nguo ya harusi ya binti yake. Jalada jeusi, herufi za dhahabu, mgongo ulionyooka. Halafu akazifunga kwa karatasi ya kaki na uzi, zikapelekwa ofisini wiki tatu kabla ya siku ya mtihani.

Mtihani ulikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Mpwa angekaa mbele ya watahini watatu na kutetea alichoandika. Na hapa ndipo roho za watu zilipokuwa: kituo kimoja cha darubini, mbali huko, kilikuwa kimempa kazi, lakini barua yao ilisema hati ya kufaulu iwe imepitishwa na ofisi ya chuo kabla haijafungwa Ijumaa hiyohiyo saa kumi. Ikichelewa, nafasi inakwenda kwa aliyemfuata. Mtahini wa nje naye alikuwa amekuja kwa ndege kwa siku hiyo moja tu. Hapakuwa na Jumatatu.

Saa nne ilipogonga, Mgongo hakuweza kushona. Alipanga mikasi, akaipangua. Ili kujituliza akaanza kujisifu.

"Kile kitabu hakina doa. Hata kile kinyesi cha inzi nilikitoa."

Anti hakugeuka. "Inzi gani?"

"Ukurasa wa themanini na nane. Ile picha ya vitone vingi vimelala chini kama mchanga. Huku juu kulikuwa kweupe kabisa, kona ya kulia, kimoja kimejikalia peke yake. Kwenye nakala zote tano. Kioo chako kilikuwa kichafu, sikutaka kukusema."

Mashine ikanyamaza. Anti aliizima kabisa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na akageuka polepole.

"Kioo changu nilikifuta asubuhi ile. Mara mbili. Na kingekuwa kichafu, uchafu ungekuwa ukurasa wa themanini na saba, na wa themanini na tisa, na kila ukurasa niliouweka pale. Uliuona huko?"

Mgongo akakitazama kiwembe chake.

Nakala mama ilikuwa bado chini ya meza. Anti aliivuta, akafika ukurasa wa themanini na nane. Nukta ilikuwepo, kona ya juu kulia, nyeusi, imetulia. Maelezo ya picha yalikuwa yameangukia ukurasa uliofuata, na Anti aliyasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama hakimu:

"'Kila nukta ni nyota moja. Nukta iliyo peke yake kona ya juu kulia ndiyo pekee, kati ya nyota zote zilizotazamwa, iliyong'aa kwa namna inayotarajiwa shimo jeusi likipita mbele yake. Sura yote hii inaihusu.'"

Akauweka ukurasa wa themanini na nane mbele ya mumewe.

"Miaka minne," Anti alisema. "Nyota milioni kadhaa. Mtoto wa watu kapata moja. Na wewe ukaikwangua."

Mgongo alitoka mbio na aproni yake, ukurasa mkononi. Wanafunzi walimpisha wakidhani kuna moto.

Ndani ya chumba cha mtihani mambo yalikuwa yameshakwenda mrama. Mwenyekiti, mama mnene wa sauti ndogo, alikuwa anazungusha kalamu. Mwalimu wa mpwa, ambaye ndiye mtahini wa pili, alikuwa anatoka jasho kwa niaba ya mwanafunzi wake. Mtahini wa nje, mzee mrefu mkavu, alikuwa amekifungua kitabu palepale.

"Binti, wiki tatu nimeitafuta nukta yako. Kwa miwani na bila miwani. Umeiandikia kurasa ishirini na mbili. Picha yenyewe haina kitu. Ama uliiota, ama uliiongeza kwenye maneno ukasahau kuiongeza kwenye picha."

Mpwa alikuwa ametazama nakala yake mwenyewe, na pale alipoijua nukta kama anavyojua chunusi ya usoni mwake, palikuwa peupe. "Profesa, ipo. Iko kwenye kompyuta yangu, niruhusu nifungue."

"Kompyuta ya asubuhi hii itanionyesha chochote unachotaka nione. Mimi natahini kitabu."

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja.

"Hodi, waheshimiwa. Nukta ninayo mimi."

Mwenyekiti akashusha kalamu. "Mzee, huu ni mtihani."

"Najua, mama. Mimi ndiye nimeufelisha." Akauweka ule ukurasa wa nakala mama mezani, akafuta mikono kwenye aproni na kuichafua zaidi. "Mimi ndiye niliyejalidi. Niliona nukta, nikadhani ni uchafu, nikaikwangua kwa wembe. Huyu hajui lolote. Hata mimi nimejua leo, kwa mke wangu."

"Mjomba!" Mpwa alisema, na katika neno lile moja mlikuwa na kilio, na hasira, na nusu ya kicheko.

"Nyamaza, mpwa wangu, niko kwenye kuungama."

Mtahini wa nje alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mjomba. Nzuri sana. Mwanafunzi anakosa ushahidi, anamleta mjomba."

"Ushahidi uko humo ndani, mheshimiwa. Karatasi iliyokwanguliwa huwa nyembamba. Uinue huo ukurasa dirishani."

Yule mzee hakutaka, lakini alitaka kujua kuliko alivyotaka kukataa. Alikwenda dirishani, akauinua ukurasa wa themanini na nane dhidi ya jua. Kona ya juu kulia, mahali pamoja padogo kama kichwa cha sindano pakang'aa kuliko karatasi yote. Akachukua kitabu cha mwenyekiti. Pakang'aa. Kitabu cha mwalimu, cha mpwa, na cha maktaba kilichokuwa kikisubiri mezani. Vitano vyote vikang'aa mahali palepale. Akapapasa pale kwa ncha ya kidole.

"Ulijuaje ni uchafu?" aliuliza hatimaye, bila kugeuka.

"Ilikuwa peke yake, mheshimiwa. Kwenye karatasi, kitu kilicho peke yake mahali peupe ni uchafu. Miaka thelathini sijakosea."

"Na leo?"

"Leo nimekosea mara tano."

Mwenyekiti alikohoa kwa namna isiyo ya kikohozi.

"Uchafu mmoja, vitabu vitano, mahali palepale," mzee alisema. "Hukushangaa?"

"Nilidhani ni kioo cha mashine."

"Kingekuwa kioo, ingekuwepo kwenye kurasa nyingine."

"Nimeshaambiwa, mheshimiwa. Na kwa maneno makali kuliko hayo."

Mzee akarudi kitini, na sasa akamgeukia mpwa. "Haya, binti. Fundi amekuletea swali zuri kuliko nililokuja nalo. Yeye aliona nukta ya kweli akaiita uchafu. Mimi nitajuaje kwamba wewe hukuona uchafu ukauita shimo? Darubini yako nayo ina kioo."

Mpwa akavuta pumzi.

"Ingekuwa uchafu wa kioo, nyota za jirani zilizopita mahali palepale zingeonyesha hivyohivyo. Nilizichunguza, hazikuonyesha. Mwanga wa nyota ile ulipanda na kushuka kwa mwendo uleule, na ulipanda sawasawa kwenye rangi mbili. Nyota inayolipuka yenyewe hupanda ghafla na kushuka kwa uvivu, na haifanani rangi kwa rangi."

"Kwa hiyo ni shimo la tangu mwanzo wa ulimwengu."

"Sikusema hivyo."

"Unasema nini?"

"Nasema inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa sayari iliyofukuzwa kwao, inazurura bila nyota. Kwa moja tu, sijui."

"Sijui? Kwenye tasnifu?"

"Ukurasa wa mia moja na tatu, Profesa. Nimeliandika kwa kirefu."

Mwalimu wake alijifuta jasho, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Mtahini wa nje aliinamia meza. "Basi nijibu moja kwa moja, na fundi asikie, maana amelipia kiti. Mashimo haya yanaweza kuwa ndiyo maada giza, ama hayawezi?"

"Yale yenye uzito kama wa mwezi, hayawezi kuwa yote. Yangekuwa ndiyo maada giza yote, kwa nyota nilizozitazama ningepata nukta kama arobaini. Nimepata moja. Moja haiwezi kuzishika nyota zote zile. Lakini kuna madogo zaidi, yenye uzito wa mwamba wa angani na ukubwa wa atomu. Hayo yakipita mbele ya nyota, nyota haishtuki, na darubini zetu hazioni kitu. Kwa hayo mlango haujafungwa. Bado yanaweza kuwa yote."

"Kwa hiyo miaka minne umetafuta mahali ambapo hayapo."

"Ndiyo. Sasa mtu mwingine hahitaji kutafuta hapo."

Mgongo alitaka kupiga makofi, akakumbuka mikono ina gundi.

Walimtoa nje yeye na mpwa. Kwenye korido walikaa benchi moja bila kutazamana.

"Mjomba."

"Naam."

"Ningekuua."

"Una haki."

"Ungeuliza tu. 'Mpwa, hii nini?' Maneno matatu."

"Nilitaka kiwe kizuri," Mgongo alisema. Mpwa akamlalia begani, aproni na uchafu wake wote.

Saa saba wakaitwa. Amefaulu. Sharti moja: ukurasa wa themanini na nane ubadilishwe kwenye nakala zote tano, na zikabidhiwe ofisini pamoja na fomu kabla ya saa kumi. Mtahini wa nje alitia sahihi pale pale, akasema ndege haimsubiri, akatoka bila kuaga. Mlangoni alisimama, akakitazama kiwembe kilichochungulia mfukoni mwa aproni, akatikisa kichwa.

Anti alitoa kurasa tano mpya, na kila moja aliibusu karibu na nukta, asiiguse. Mgongo alikata. Hakuwahi kukata ukurasa kutoka kwenye kitabu alichokishona mwenyewe, na kila kipande kilipotoka alikunja uso kama anayeng'olewa jino. Aliacha kipande chembamba kando ya mgongo, akapaka gundi, akabandika ukurasa mpya, akaulainisha kwa mfupa wa kukunjia. Kimoja, viwili, vitatu. Cha tano kilipomalizika ilikuwa saa tisa na robo tatu.

Tatizo ni kwamba gundi ile haikauki kwa robo saa. Kitabu hutakiwa kilazwe chini ya uzito mpaka asubuhi, la sivyo ukurasa hujikunja ukawa kama jani kavu, na kila atakayekifungua maktabani miaka hamsini ijayo atajua kwamba hapa fundi alilipua kazi. Mgongo aliviweka vitabu chini ya chuma chake cha kukandamizia, akakaza skrubu, mkono wake ukabaki pale juu.

Mpwa alisimama mlangoni, fomu kifuani. Alitazama saa ya ukutani, akamtazama mjomba wake.

"Vikitoka sasa hivi vitajikunja," Anti alisema kwa upole. Alijua anazungumza na nani.

Mgongo alilegeza skrubu. Akavitoa vyote vitano, akampangia mpwa mikononi, vimelala.

"Usivisimamishe," alisema. "Nenda."

"Mjomba, mgongo je? Ukurasa je?"

"Ujikunje."

Akampisha mlangoni, ubavuubavu, na mpwa akapanda ngazi mbilimbili huku amevibeba kama trei ya mayai, na jina la Mgongo lilikuwa limegongwa kwa herufi ndogo ndani ya kila jalada.